Mzee Alcide Anaishi Wapi

Nimeolewa na Alcide Cyr tangu mwaka 1979, na mpaka Aprili hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mume wangu anaishi wapi. Nani angeuliza swali la kipuuzi namna hiyo? Mume anaishi kwa mkewe. Ndivyo nilivyodhani mpaka tulipokwenda ukumbi wa parokia kujaziwa fomu za kodi, nikatoka pale sijui kama nina mume au nina mgeni.

Lawama naanza kumpa kaka yangu Fernand, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akinijazia fomu kila mwaka, jikoni kwangu, bila kuniuliza kitu. Anaandika, natia sahihi, tunakunywa chai, basi. Alifariki Novemba akaniacha sijui lolote la kodi. Nikasikia kuna dada mmoja, Nadine Ouellet, anawasaidia wazee bure ukumbini kila Jumamosi. Nikamwambia Alcide twende wote. Akasema zake ameshajaza kule. Nikamwambia twende tu, utanibebea mkoba. Ningejua, ningeubeba mwenyewe.

Kule ni Madawaska, ng'ambo ya mto, Marekani. Huku kwetu ni Edmundston, Kanada. Kati yetu kuna daraja, na sisi tuliokulia hapa hatujawahi kulichukulia kama mwisho wa nchi. Mkate tunanunua huku, petroli tunajaza kule. Shangazi anazikwa kule, chakula cha msiba kinaliwa huku. Mwambie mtu wa hapa kwamba jirani yake wa Madawaska anaishi nchi ya nje, atakunusa mdomo aone umekunywa nini. Kinachotukumbusha ni saa tu. Ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, kwa hiyo ukialikwa chakula unauliza kwanza, saa ya huku au ya kule, la sivyo utakula makombo.

Alcide ana uraia wa nchi zote mbili. Alizaliwa huku kwa sababu hospitali ilikuwa huku, lakini baba yake alikuwa Mmarekani na kule ndiko alikolelewa. Kazi yake ilikuwa forodha ya kule, palepale darajani, dirishani, mpaka alipostaafu. Maisha yake yote amewauliza watu: Unaishi wapi? Unakwenda wapi? Umebeba nini? Ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa navuka na sufuria ya mchuzi wa kuku nampelekea shangazi, akaniuliza naishi wapi, nikamwonyesha kwa kidole: nyumba ile ya kijani, inaonekana kutoka hapo. Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa sebuleni kwetu na mama yangu, kofia mapajani.

Ni mtu wa maneno machache, huyo. Kwamba ananipenda alinitamkia mara moja tu, kwenye harusi ya Fernand, na siku hiyo alikuwa amelewa. Lakini ana jambo moja analoliamini kuliko katekisimu: dirishani mtu hasemi uongo. Anasema unaweza kumdanganya mkeo bei ya gari, unaweza hata kumficha padri jambo, lakini ofisa wa darajani akikuuliza, unamwambia ukweli. Amewaona wengi wakijaribu na wote walitoka jasho.

Tulipooana mama yangu alikuwa hawezi tena kutembea, nami nisingeweza kumwacha. Na kazi ya Alcide ilimtaka awe na makao kule. Basi tukapanga kama watu wa hapa wanavyopanga mambo, bila hata kukaa chini. Siku za zamu analala kwa mama yake Madawaska, siku za mapumziko analala kwangu. Tukasema ni kwa muda. Mama yangu akafa, mama yake akafa, yeye akastaafu, na mpango ukabaki palepale kama kabati ambalo hakuna mwenye nguvu za kulisogeza. Nusu ya wiki yuko kwa dada yake Bernadette kwenye nyumba ya mama yao, anapasua kuni na kucheza karata. Nusu yuko kwangu. Pensheni yake ya serikali inaingia benki ya kule, barua zake zinakwenda kule, na kodi anaijazia kule.

Na saa yake ya mkononi inasoma saa ya kule. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma. Yuko mezani kwangu, anakula chakula changu, namuuliza saa ngapi, ananijibu saa ya dada yake. Nilijiambia ni mazoea tu, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba mwili uko huku na roho iko kule.

Sasa turudi ukumbini. Nadine ni binti mpole, ana miwani mikubwa, anasema polepole kana kwamba sote ni viziwi. Zangu alizimaliza haraka. Kisha akafika mahali wanapouliza habari za mume, akamgeukia Alcide, akamuuliza mapato yake. Alcide akasema yake ni pensheni ya serikali ya kule na ameshaitolea taarifa kule. Nadine akaacha kuandika.

Akaanza kutueleza. Marekani, alisema, inamtaka raia wake atoe taarifa ya mapato hata akiishi mwezini, kwa hiyo hapo mzee yuko sawa. Lakini Kanada haiangalii pasi ya kusafiria, inaangalia mtu anaishi wapi. Kama mzee anaishi huku, pensheni ileile, yote, inatakiwa iandikwe na huku pia. Nikamuuliza, kwa hiyo anaandika mara mbili? Ndiyo. Na analipa mara mbili? Hapana, kuna mkataba wa nchi mbili, unalipa huku, unapunguziwa kule, au unalipa kule kidogo halafu unapunguziwa huku, inategemea. Inategemea nini? Akachukua karatasi akachora visanduku viwili na mishale. Mishale ikaenda na kurudi juu ya mto kama sisi wenyewe. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa hata chembe.

"Yote yanategemea swali moja," Nadine akasema. "Mzee, unaishi wapi?"

Alcide akatazama kofia yake.

Nadine akasema asijali, mkataba una utaratibu wake kwa watu wa namna hii. Kwanza tunaangalia nyumba. Nyumba yako iko wapi? Alcide akasema ana chumba kwenye nyumba ya mama yake, na huku kuna nyumba ya Géraldine. Ya Géraldine! Nadine akauliza kama hiyo si yake pia. Akajibu kwamba hati ina jina langu. Ni kweli ina jina langu, nilirithi kwa mama, lakini paa ni yeye aliyeliezeka na ngazi za nyuma ni yeye aliyezijenga, hata akavunjika kidole.

Basi, akasema Nadine, nyumba ziko mbili, tunaendelea. Tunaangalia maisha yako yameegemea upande gani. Mke? Huku. Dada? Kule. Daktari? Kule. Wa meno? Huku. Misa? Popote atakapoamkia Jumapili. Gari lina namba za kule ila linaegeshwa huku chini ya dirisha langu. Mimi nikakumbusha kwamba mbwa wetu amezikwa huku, nyuma ya banda. Nadine akasema mbwa hatumhesabu. Nikamwambia Alcide alimlilia mbwa huyo wiki mbili, muulize. Akasema bado hatumhesabu, akaenda kwenye swali la tatu: kwa kawaida unalala wapi zaidi? Nusu kwa nusu. La nne: wewe ni raia wa wapi? Alcide akaweka pasi mbili mezani.

Nadine akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema ikifika hapo, mkataba unataka maofisa wa serikali hizi mbili wakae pamoja wakubaliane.

Nikasimama. "Serikali mbili zikae kuamua mume wangu analala wapi?"

Wazee wote kwenye foleni walishatugeukia. Mmoja nilimwona anaongeza sauti ya kile kifaa chake cha sikioni.

Nadine akaniomba nikae. Akasema haitafika huko, kwa sababu haya yote ni ya mtu ambaye hata yeye mwenyewe hajui. Anayejua anasema tu. Mzee akisema anaishi kule, basi, hakuna linalobadilika, ameshamaliza mambo yake. Akisema anaishi huku, pensheni itaingia kwenye fomu za huku, atalipa zaidi ya anavyolipa sasa, na itabidi miaka ya nyuma nayo ifunguliwe. "Sikuchagulii," akasema. "Sema lililo kweli."

Mimi pesa hazikuwa kichwani mwangu kabisa. Nilikuwa nangoja aseme neno moja: kwa Géraldine. Ukumbi mzima unangoja. Alcide akaizungusha kofia, akaizungusha tena.

"Sijui," akasema.

Sijui! Mtu aliyewauliza watu swali hilo maisha yake yote, na aliyebabaika akamweka kando na kumfungulia buti la gari. Niliumia, sifichi. Niliumia kuliko siku niliyomzika Fernand, kwa sababu Fernand angalau nilijua amekwenda wapi. Tulipofika nyumbani nikamwambia achukue gari lake aende zinakokwenda barua zake. Alisimama kidogo kwenye ngazi alizozijenga mwenyewe, kisha akaenda. Nilimenya viazi vya watu wawili huku nalia, nikavila mwenyewe siku mbili.

Wiki hiyo simu ililia kila jioni, nami nikaiacha ilie. Ijumaa nikaipokea, kumbe ni Bernadette. Wifi yangu huyu hazunguki. Akaniambia mzee wako hali, hasemi, amepasua kuni za miaka mitatu na sasa anautazama uzio wangu. Njoo umchukue. Halafu akaniambia nimshauri aandike kwamba anaishi kule kwake, yaishe, kwa sababu ya nini kujitafutia kodi? Nikamwambia asinifundishe kuhusu mume wangu. Akasema, "Mumeo? Wiki nzima analala kwangu bila mashuka ya kubadili. Njoo na suruali."

Jumamosi asubuhi nikavuka. Dirishani kijana wa forodha akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema kwa mume wangu. Anaishi wapi? Nikamjibu kwamba ndilo ninalokwenda kumuuliza. Akanitazama, akatazama suruali zilizokunjwa kwenye kiti, akanirudishia pasi yangu bila swali jingine.

Bernadette alikuwa jikoni anapika ploye, zile chapati zetu za maji, anamimina unga uliokorogwa kwenye chuma na kuziacha ziive upande mmoja. Shoka la Alcide lilisikika nyuma ya nyumba. Wifi akanisukumia sahani, akaniambia kwanza nipande juu nikamchukulie shati safi, Nadine anafunga mchana na mzee huyu hawezi kwenda ukumbini ananuka misonobari. Nilipita chini ya saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro.

Ngazi zile nilikuwa sijazipanda tangu msiba wa mama mkwe. Chumba chenyewe ni kile cha ujana wake, kitanda chembamba, msalaba, picha ya timu ya hoki aliyoshinda nayo shuleni. Nikafungua droo nikatoa shati. Pembeni ya kitanda kulikuwa na saa ya kuamshia, ile ya zamani yenye kengele mbili, inagonga kama nyundo. Inasoma saa nne kasoro.

Nikaishika nikaitikisa. Nikamwita Bernadette nikamwambia saa ya huyu mtu imeharibika, imekwenda mbele.

Bernadette akaja mpaka chini ya ngazi, mwiko mkononi. "Haijaharibika. Hiyo ni saa ya kwenu. Iko hivyo tangu alipokuoa, na usiiguse, atanigombeza mimi."

Nikamuuliza ya kwetu kwa nini.

"Niulize mimi! Anataka kujua uko wapi. Sasa hivi Géraldine anaamka. Sasa yuko misa. Sasa amezima taa. Kwenu ikigonga saa tatu usiku anaweka karata chini anapanda kulala, na kwangu ni saa mbili, kuku bado wanatembea. Wifi, sijawahi kumaliza mchezo wa karata na mtu huyu hata siku moja."

Akarudi kwenye ploye zake. Mimi nikakaa kitandani, shati mapajani. Kwa hiyo kwangu anaishi kwa saa ya kule, na kule anaishi kwa saa yangu. Sasa mtu huyo anaishi wapi? Nilichanganyikiwa kuliko nilivyochanganywa na mishale ya Nadine. Lakini hasira ya wiki nzima ilikuwa imeondoka, nikajikuta nacheka peke yangu chumbani kwa watu. Nikaiweka saa mahali pake.

Alcide alipoingia na kuniona akavua kofia kama siku ile ya kwanza. Nikamwambia avae shati. Nikamwambia pia kwamba nimefikiri, na aandike kwamba anaishi hapa kwa Bernadette. Sitakasirika. Nadine amesema hakuna linalobadilika, hatafunguliwa miaka ya nyuma, pensheni yake itabaki kama ilivyo, na mimi ninachotaka kujua nimeshakijua. Akanitazama kama ofisa anavyomtazama mtu mwenye buti lililojaa. Akala ploye tatu na siagi. Bernadette akasema haya, Mungu ametupa akili hatimaye.

Tukavuka kwa gari langu, mimi nikiendesha. Lazima niseme tunavyovuka. Tukiwa wote, kila mtu hujijibia. Mimi natoa pasi yangu nasema Edmundston, yeye anatoa ile ya Marekani anasema Madawaska. Ndivyo tulivyovuka miaka yote, huku na kule, na hakuna aliyesema uongo hapo. Siku hiyo upande wa Kanada alikuwa dirishani ofisa mgeni, mwanamke kijana ambaye hata sura yake siijui. Akauliza mnaishi wapi. Nikashusha kioo, nikaanza, mimi Edmundston, na huyu...

Alcide akainama mbele yangu mpaka nikasikia ile harufu ya misonobari ambayo shati halikuiondoa.

"Edmundston," akasema. "Sote wawili."

Na pasi aliyoitoa ilikuwa ya Kanada. Ilikuwa ngumu kama mpya, haijawahi kufunguliwa darajani. Ofisa akaigeuza, akauliza wanalouliza kila mtu anayerudi: mmekaa nje kwa muda gani? Nikasema mimi nimevuka asubuhi hii.

"Mimi wiki moja," Alcide akasema. "Mke wangu alikuwa amekasirika."

Yule binti hakucheka. Akagonga kitu kwenye kompyuta yake, akaturudishia pasi, akasema karibuni nyumbani, kama wanavyomwambia kila mtu. Nilishindwa kuingiza gia. Gari la nyuma likapiga honi.

Nilimwambia Alcide hapo hapo kwamba bado ana nafasi, Nadine hayupo darajani, hakuna aliyesikia. Akasema ameulizwa dirishani na amejibu.

Ukumbini Nadine akafungua faili lake, akauliza swali lake. Alcide akajibu: kwa Géraldine. Nadine akaandika, akanitazama, nadhani aliona macho yangu. Kisha akauliza, na ulianza kuishi huku lini, mzee? Alcide akafumbua mdomo, na mimi niliyengoja maneno yake tangu ujana wangu nikataka kumziba kwa mkono. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Tangu harusi," akasema.

Nadine akavua miwani. Akauliza kama anajua ni faili ngapi hizo. Alcide akasema hajui, yeye ameulizwa ukweli. Nadine akatoa karatasi safi akaanza kuchora visanduku, vingi safari hii, na mishale, akatupangia tuje Jumamosi zote za Mei. Huku ataandika pensheni yote, kule ataandika yote, kisha sehemu fulani itatolewa katika sehemu nyingine, na mpaka sasa mimi sijui ipi inatolewa katika ipi. Nimeacha kutikisa kichwa. Nasema sielewi na Nadine anaanza upya.

Jioni ile nilimwomba saa yake ya mkononi niisogeze mbele, sasa kwa kuwa anaishi huku na ameapa. Akaificha chini ya mkono wa shati. Akasema niiache kama ilivyo, la sivyo akiwa hapa mezani atajuaje kama Bernadette ameshafunga mlango na kulala? Nikamwacha nayo, nikamuuliza saa ngapi, akanijibu ya kule.